Kisamvu kinatwangwa, mchicha hautwangwi: ninavyofundisha baiolojia ya advansi

Kwanini kisamvu kinatwangwa kabla ya kupikwa na mchicha hautwangwi? Swali hili ndo naingia nalo darasani siku ya kwanza ya topiki ya upumuaji wa seli, kidato cha tano, PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia, jiografia) wamekaa pamoja, na siandiki kitu ubaoni, sitaji glaikolisisi wala Krebs, zile hatua za upumuaji, nauliza tu hivyo halafu nanyamaza nawasubiri. Nimeona niliandike hili kwa urefu kwa sababu walimu wenzangu wananiuliza sana nafanyaje mpaka watoto wa advansi kengele inagonga bado wanabishana, wakati baiolojia ya kidato cha tano na sita inajulikana nchi nzima kama somo la kumeza notsi na kuzitapika kwenye pepa.

Jibu la kwanza huwa ni lilelile, "ili kilainike madam". Sawa, naandika ubaoni, kulainika. Halafu nawauliza, majani ya maboga je, nayo si magumu, yana mpaka nyuzi za kumenya, mbona hamyatwangi? Hapo kelele zinaanza, mmoja anasema ni mazoea tu, mwingine anasema ni ladha, na darasa la bweni lenye watoto wa mikoa yote halikosi mtoto wa Mtwara au Lindi au kanda ya ziwa atakayesema kwao kuna muhogo mchungu, huo huwezi kuula hivihivi, unamenywa, unalowekwa, unaanikwa unakuwa makopa, ndo unasagwa unga. Mwingine anadakia na habari ya mbuzi aliyekula maganda ya muhogo akafa. Basi tumeshafika nilipokuwa nataka, na waliotufikisha ni wao.

Ndo natoa swali la pili, na hili ndo lenyewe. Muhogo mchungu ukiuchemsha mzimamzima, hata kwa muda mrefu, sumu nyingi inaweza kubaki humohumo, lakini ukiuponda mbichi ukauacha kwanza, sumu inapungua sana. Sasa moto si ndo unaua kila kitu? Inakuwaje moto ushindwe kazi ambayo kinu na mchi vinaiweza? Hapa nawaacha wabishane, kama ni kipindi kizima basi kipindi kizima, na nawaambia kila anayetoa maelezo aseme pia ni kitu gani tukikiona kitatuonyesha kwamba maelezo yake sio. Hiyo sentensi ya mwisho ndo ngumu kwao kuliko yote, maana kutoka darasa la kwanza wamezoea kwamba jibu ni kitu cha kusahihishwa na mwalimu.

Maelezo yenyewe ni haya. Muhogo hauna saianidi iliyokaa tayari inamsubiri mtu, una kitu kinaitwa linamarini, ni sukari iliyofungwa pamoja na saianidi, imehifadhiwa ndani ya vakuoli, vifuko vya akiba vya seli. Kimeng'enya kinachoweza kuivunja, linamarasi, kinakaa kwingine kabisa, kwenye ukuta wa seli. Vikiwa mbalimbali mmea uko salama na mambo yake. Akija panya akatafuna, au mama akatwanga, seli zinapasuka, vitu viwili vinakutana, linamarini inavunjika na mwisho wake inatoka hidrojeni saianidi, ambayo inachemka kwenye nyuzi 26 tu, yaani kwa joto la mchana la pwani inaondoka yenyewe hewani. Kwahiyo kutwanga ndo kuitoa sumu, kunakipa kimeng'enya nafasi ya kufanya kazi na gesi nafasi ya kuondoka. Ukianza na moto kwenye muhogo mzima unakiharibu kimeng'enya mapema kabla hakijakutana na linamarini, na linamarini yenyewe inavumilia joto, inabaki ndani ya muhogo. Majani ndo yana linamarini kwa wingi kushinda hata mzizi, ndo maana kisamvu kinatwangwa kwanza halafu ndo kinachemshwa, na bibi zetu wameushika mpangilio huo vizazi na vizazi bila mtu kuwaambia habari za vakuoli.

Angalia sasa ni vitu vingapi vya silabasi vimeshaingia kabla sijafungua kitabu. Muundo wa seli na kwanini vitu vinatenganishwa ndani ya seli, vimeng'enya na joto, kimeng'enya kuharibika umbo. Na bado hatujafika kwenye upumuaji wenyewe, ambao ndo topiki ya siku.

Tunafika hivi: nawauliza, sawa, hiyo saianidi ikiingia mwilini inaua kwa njia gani? Wengi wanasema inaziba damu isibebe oksijeni, wanachanganya na moshi wa jiko la mkaa, ambao kweli unashikana na himoglobini. Nawaambia hapana, mtu aliyepata saianidi damu yake ina oksijeni ya kutosha, tena damu ya kwenye vena inakuwa nyekundu ya kung'aa kama ya kwenye ateri. Wanaangaliana. Oksijeni ipo, mtu anakufa kwa kukosa nguvu, na damu inarudi kwenye moyo ikiwa bado na oksijeni yake. Sasa tatizo liko wapi? Ndo nachora mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza nishati, nachora mnyororo wa elektroni, na kila kituo kwenye ule mnyororo kina sababu ya kuwepo ubaoni, kwa sababu tunatafuta ni kituo gani kimefungwa. Ni cha mwisho, sitokromu oksidesi, pale oksijeni inapopokea elektroni, saianidi inang'ang'ania chuma kilichomo mle. Mwisho ukifungwa elektroni zinarundikana nyuma yote, protoni hazisukumwi, ATP, yaani nishati ya seli, inakata, na oksijeni iliyoletwa na damu haina wa kuipokea. Mtoto akishaipitia hivyo, swali la mtihani la vizuizi vya upumuaji hawezi kulikosa, na hajalikariri, amelitafuta mwenyewe mpaka amelipata.

Na simalizii hapo kwa sababu kuna watu ndani ya habari hii. Kuna ugonjwa unaitwa konzo, miguu yote miwili inapooza ghafla na hairudi tena, unawapata zaidi watoto na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Umetokea Kongo, Msumbiji, na hapa kwetu umetokea Tarime miaka ya 1980 na Mtwara pia, mara nyingi kipindi cha ukame au njaa pale watu wanapokula muhogo mchungu mchana na usiku na muda wa kuuandaa umefupishwa kwa sababu watoto wana njaa. Mwili una njia yake ya kuigeuza saianidi kuwa kitu chenye madhara kidogo kinachotoka na mkojo, ila njia hiyo inahitaji salfa, na salfa inatoka kwenye asidi amino za protini. Kwahiyo anayekula muhogo na samaki au maharage ana kinga flani, anayekula muhogo peke yake hana. Hapo darasa huwa linatulia sana, maana umasikini umeingia ndani ya biokemia mbele ya macho yao.

Halafu nawaonyesha suluhisho mojawapo, kwa sababu sitaki watoke wamejaa huzuni tu: unga wa muhogo unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba, unaachwa masaa 2 juani au 5 kivulini kabla ya kusonga ugali. Basi. Mbinu hii ilibuniwa na wanasayansi wa Australia, imetumika vijijini Kongo, imefika na Msumbiji na Mtwara. Inafanya kazi kwa sababu ndani ya unga bado kuna kimeng'enya kilichobaki, maji yanakiamsha. Wakiulizwa "kwanini maji, na kwanini utandazwe mwembamba?" wanajibu wenyewe, na hayo ni majibu ya kidato cha tano kabisa, ya kimeng'enya kuhitaji maji na gesi kuhitaji eneo la kutokea.

Sasa maabara. Muhogo mchungu siuleti maabara, hapana, na ninamwomba kila mwalimu asithubutu kuwaambia watoto wapime saianidi kwa kujaribujaribu. Kwa mikono yao nawapa kimea.

Hii ya kimea naipenda sana na ni rahisi mpaka shule ambayo maabara yake ina kabati tupu inaweza. Unapika uji wa mahindi mzito, mzito kweli, ule ukisimamisha kijiko kinasimama. Unaugawa kwenye vikombe vitatu na unausubiri upoe mpaka ufike joto ambalo kidole kinavumilia. Kikombe cha kwanza unatia kijiko cha unga wa ulezi uliooteshwa ukaanikwa, yaani kimea. Cha pili unatia kiasi hichohicho cha ulezi wa kawaida usiooteshwa. Cha tatu unatia kimea ambacho ulikichemsha kwanza na maji kidogo. Koroga vyote, weka mezani, angalia. Baada ya dakika chache uji wa kikombe cha kwanza unakuwa majimaji, unamiminika kama chai ya maziwa, na vile viwili vingine vimesimama palepale. Mara ya kwanza kuona watoto wanadhani umeongeza maji kwa siri, wanataka warudie wao, na mimi ndo nataka hivyo, warudie.

Ukidondosha iodini (ile ya kusafishia vidonda ya famasi nayo inafaa) vikombe viwili vinakuwa bluu nyeusi na cha kwanza rangi inazidi kufifia kila unaporudia kupima, maana wanga unakatwakatwa na amilesi, kimeng'enya cha kimea, unageuka sukari. Wakiwa na benedikti, kemikali ya kupimia sukari, wanapima na sukari pia. Halafu maswali yanatoka yenyewe bila mimi kuandika "maswali ya majadiliano": kwanini ulezi ulioota unayo na usioota hauna ya kutosha? Hapo tunaingia kwenye mbegu, kiinitete kikishapata maji kinatoa jiberelini, homoni inaenda mpaka kwenye tabaka la nje la akiba ya chakula, jeni za amilesi zinawashwa, wanga unaanza kuvunjwa ili mche upate chakula kabla haujawa na majani. Topiki ya homoni za mimea hiyo, ambayo kwenye notsi ni mistari ya kukariri isiyo na uhai. Na cha tatu kwanini kimeshindwa wakati ni kimea hichohicho? Moto. Hapo mtoto mmoja anakumbuka muhogo bila kukumbushwa, anasema madam ni kama ule wa kuchemsha mzima, na mimi siku hiyo naenda nyumbani nimefurahi.

Kuna mengi ya kutoa hapo hata baada ya prakitikali kuisha. Wa Songea wanajua togwa, wa Kilimanjaro wanajua mbege na ulezi wake lazima uoteshwe, na wote wanajua uji wa mtoto mchanga. Uji wa mtoto una shida ya kweli, ukiwa mzito hawezi kuumeza, ukiuongezea maji tumbo linajaa na nguvu hamna. Kimea kinaufanya uwe mwepesi bila kupunguza unga uliomo, na watafiti wa lishe hapa nchini wameiandika habari hii tangu miaka ya 1980. Mwanafunzi anayesikia hivyo anaona kwamba amilesi sio neno la kwenye pepa, ni kitu ambacho dada yake mwenye mtoto angekitumia kesho asubuhi.

Niseme jambo ambalo naliona likikosewa sana. Kuna walimu wanasikia "fundisha kwa mambo ya ajabu" wanaenda kutafuta picha za ajabu. Unaingia darasani unaonyesha silikanti, yule samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, kisha akaja kuonekana mpaka Tanga kwetu, mpaka ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Watoto wanasema waaa, halafu unafungua kitabu ukurasa wa mfumo wa usagaji chakula. Hapo hujafanya kitu, umewaburudisha dakika tano na wao wanajua. Ajabu inayofaa kufundishia ni ile ambayo ukiishika inabidi upite kwenye silabasi ndo uielewe, na mwanafunzi ana uwezo wa kukisia kabla hajaambiwa. Silikanti huyohuyo anafaa kabisa ukimleta kwenye topiki ya wanyama wenye uti wa mgongo, ukawauliza mapezi yake yenye mfupa na nyama, yanayopishana kama miguu ya mnyama anayetembea, yanafanana na nini, na kwanini ndugu zake walitokea nchi kavu na yeye akabaki. Samaki ni yuleyule, tofauti ni kwamba sasa kuna kazi ya kufanya.

Kwa mageuko mimi natumia maziwa. Nauliza tu nani akinywa maziwa freshi tumbo linamvuruga lakini mtindi hauna shida, mikono inanyooka mingi, na wa kutoka jamii za wafugaji mikono yao mingi inabaki chini. Mtindi ni rahisi, bakteria wameshakula sehemu ya laktosi, sukari ya maziwa. Lakini kwanini wewe tumbo linauma na Mmasai pembeni yako halimuumi, wakati wote mlinyonya mkiwa watoto na mlikuwa na laktesi, kimeng'enya cha kuisaga laktosi? Mwaka 2007 ulitoka utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, walipima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta kwa wafugaji wa huku herufi moja ya DNA imebadilika, na haiko ndani ya jeni ya laktesi, iko karibu herufi 14,000 kabla yake, kwenye sehemu inayoamua jeni iwashwe au izimwe. Mabadiliko hayo wanayakadiria yametokea kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Wazungu nao wanakunywa maziwa ukubwani lakini kwao iliyobadilika ni herufi nyingine kabisa, jirani na hapohapo. Yaani ufugaji wa ng'ombe umefanya uteuzi asilia ufike mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, huku na kule, na ushahidi umekaa kwenye dawati la nyuma pale unakunywa maziwa.

Kwenye hilo wanafunzi wanapenda sana habari ya Wahadzabe, ambao hawafugi, na kwenye utafiti ule karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na uwezo wa kusaga laktosi. Kwanini? Wanasayansi wenyewe wametoa mawazo tofauti, labda walichanganyika na wafugaji, labda kimeng'enya kile kinawasaidia kusaga vitu vingine kwenye mimea wanayokula. Nawaambia wanafunzi hili bado liko wazi, na utaona sura zinabadilika, kwa sababu miaka yote ya shule hawajawahi kuambiwa kwamba kuna swali ambalo jibu lake halipo nyuma ya kitabu.

Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu kujikunja kama mundu, naifundisha kwa adabu zaidi. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, makadirio yanayotajwa sana ni watoto 11,000 hivi kwa mwaka, kwahiyo darasani kwangu lazima yupo mwenye ndugu anayeumwa, au mwenyewe anaumwa na hajasema. Simsimamishi mtu, siulizi nani kwao kuna nini. Naanza na ramani mbili, ya malaria na ya jeni ya selimundu, naziweka pembeni ya nyingine bila maneno, wao wenyewe wanaona zinafanana. Anthony Allison aliona hivyohivyo, alikulia Kenya, alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu na mwaka 1954 akachapisha kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu anakingwa na malaria kali. Asidi amino moja, ya 6 kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, glutamiki imekuwa valini, na kutokana na hiyo moja unapata maumivu ya mifupa ya mtoto, ramani ya mbu, na sababu ya jeni mbaya kutopotea. Nikimaliza topiki hii kuna mwanafunzi atakuja ofisini peke yake kuuliza kuhusu kupima kabla ya kuoa au kuolewa, na ninajibu kwa makini na namwelekeza hospitali.

Ndizi naigusa tu, ila ikiwa una watoto wa Bukoba usiiache. Mbegu za ndizi ziko wapi? Migomba ya ndizi za kupika ya kule ina seti tatu za kromosomu, 33 jumla, na ukifika kwenye meiosisi, mgawanyiko wa kutengeneza seli za uzazi, tatu hazigawanyiki kwa mbili, mbegu haziji, ndo maana tunapanda machipukizi. Na migomba ya machipukizi ni nakala za mama mmoja, ndo maana mnyauko ulipoingia Kagera miaka ya 2000 shamba moja likiugua jirani hana pa kukimbilia. Meiosisi na utofauti wa kijenetiki kwenye swali moja la sokoni.

Chura wa Kihansi pia, kwa ikolojia. Aligunduliwa 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, anazaa vitoto vyenye miguu badala ya kutaga mayai, halafu maji yakachepushwa kuzalisha umeme, manyunyu yakakauka. Wachache karibu 500 walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini, na 2012 wakaanza kurudishwa kwenye korongo lao. Nikitaka mjadala wa umeme na uhifadhi usio na jibu jepesi naleta huyu, na taa za darasani zikiwa zinawaka.

Najua kinachosemwa na walimu wengi hapa: muda. Silabasi ni ndefu, kidato cha sita wanafanya mtihani mwezi wa tano, mkuu wa shule anataka divisheni wani. Ni kweli kabisa na siidharau. Ninachokiona mimi ni kwamba muda mwingi wa advansi unapotea kwenye kurudia, unafundisha mnyororo wa elektroni kidato cha tano, unakuta kidato cha sita hawaukumbuki, unafundisha upya, unawapa pasti pepa, unafundisha tena. Swali moja zito linalobeba topiki nzima linakula vipindi viwili mwanzoni na linakurudishia mbele, ukimwambia mtoto "kumbuka kisamvu" anakuja na mnyororo wote. Na sio kila topiki inahitaji hivi, zipo sehemu kama uainishaji wa viumbe ambako mimi natoa notsi, tunapita, tunaendelea.

Kuhusu lugha nitasema wazi. Kubishana kwetu kunakuwa Kiswahili, kuandika kunakuwa Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Mtoto akilazimishwa kukisia kwa lugha ambayo anatafuta maneno, hatakisia, atakaa kimya na utadhani hana wazo. Acha atoe wazo kwanza, dakika kumi za mwisho ndo tunaliandika vile pepa linavyotaka, na hapo nakuwa mkali kweli kwenye istilahi.

Na kucheka. Darasani kwangu swali la mtu halichekwi. Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wake wa aisikrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule uliopoa, alipouliza akachekwa, akaenda Mkwawa kidato cha tano akauliza tena akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alikuja kusikilizwa na mgeni, Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, wakajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Leo dunia nzima inasema athari ya Mpemba na wanafizikia bado wanabishana nayo. Hiyo habari nawasimulia kidato cha tano wiki ya kwanza, wote, hata wale wa CBG ambao fizikia wameiacha, na ukiuliza swali kwangu likaonekana la kitoto, darasa linajua kinachofuata ni "tutalijaribuje?"

Wiki ijayo tunaanza uratibu, neva na vipokezi. Swali lililopo ubaoni tangu Ijumaa ni kuku. Kuku wa bweni wanadonoa pilipili kichaa pale nyuma ya jiko kama wanadonoa mahindi, mwanafunzi akitafuna moja anatokwa machozi. Nina majibu kumi na kitu kwenye karatasi mpaka sasa, wengi wanasema kuku hana ulimi wa kuhisi, wawili wamesema kuku anameza bila kutafuna, ambalo ni wazo zuri na linaweza kujaribiwa kwa pilipili iliyosagwa kwenye pumba. Tutafika kwenye kipokezi chenyewe, TRPV1, kilichompa David Julius nusu ya tuzo ya Nobel mwaka 2021: ni kipokezi cha joto, kinafunguka kwenye nyuzi 43 hivi na kuendelea, na kapsaisini ya pilipili inakifungua bila joto lolote, ndo maana ubongo unaambiwa mdomo unaungua. Cha ndege kina umbo tofauti kidogo, kapsaisini haikifungui, naye anaenda kuziangusha mbegu mbali bila kuzisaga. Kutoka hapo nina ioni, nina msukumo wa neva, nina sinapsi, wiki tatu za kazi. Na kwa PCB nimeongeza la pembeni, kwanini ukiungua na pilipili maji hayasaidii na maziwa yanasaidia. Kemia waliyonayo inatosha, walete Jumatatu.